Barua ya Babu wa Voi: Pole, Majuto na Radhi katika Kiingereza

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huikariri methali hii bila kumfikiria mjukuu mwenyewe. Mjukuu katika methali ni mfano tu wa kitu kijacho nyuma, baada ya mambo kwisha. Lakini mjini Voi yuko mzee mmoja ambaye kwake methali hiyo iligeuka kuwa habari ya maisha yake. Alikuwa na majuto, na alikuwa na mjukuu, na alitaka kuyafikisha majuto hayo kwa mjukuu huyo kwa lugha ya Kiingereza, lugha ambayo mzee hakuisoma na mjukuu hakujua nyingine.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwana wa kwanza wa mzee alifariki dunia. Marehemu aliacha mtoto mmoja wa kiume aliyezaliwa na kulelewa Uingereza kwa mamake. Kijana alipopata habari alipiga simu, akaomba asubiriwe siku kumi ili apate ruhusa kazini na nafasi katika ndege. Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Ada za mochari zilikuwa zikipanda kila siku, waombolezaji walikuwa wamejaa nyumbani, na chakula kilikuwa kikipungua. Maoni yalikuwa ya wengi, ila neno la mwisho lilikuwa la mzee. Siku ya sita marehemu akazikwa katika shamba la ukoo, milimani upande wa Wundanyi. Kijana alikuwa amekwisha kununua tikiti. Hakuja. Simu zake zikakoma, na mwaka mzima ukapita pasipo salamu.

Msomaji asiyeijua Taita huenda akaliona jambo hili kuwa dogo. Si dogo. Zamani Wadawida walikuwa na desturi ya kuyafukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda wa kuzikwa na kuyahifadhi mapangoni, na mafuvu hayo yalikuwa sehemu ya uhusiano wa walio hai na waliotangulia. Desturi hiyo ilififia Ukristo ulipoenea, lakini uzito wa mtoto kusimama kando ya kaburi la babake na kumtupia udongo haukufifia. Kumzika mtu mwanawe asiwepo, hali mwana ameomba asubiriwe, ni kumnyima mwana huyo haki ambayo haiwezi kulipwa siku nyingine. Mzee alilijua hilo siku ile ile, na alizidi kulijua kadiri miezi ilivyopita.

Aliyeombwa kuiandika barua alikuwa binti wa jirani, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Binti alishauri kwamba simu ingekuwa rahisi zaidi. Mzee akakataa. "Neno la simu ni upepo, mwanangu," alisema. "Mimi nimekuwa tarishi miaka mingi. Najua karatasi inavyokaa mkononi mwa mtu."

Rasimu ya kwanza binti aliiandika kwa dakika chache. Iliwajulia hali kijana na mamake, kisha ikasema kwamba babu yake alikuwa "very sorry" kuhusu mazishi ya babake. Mzee akamtaka amrudishie maneno yale kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Binti alipoifikia ile sentensi, ulimi wake ukamtangulia akili: "Babu anakupa pole sana kwa mazishi ya baba yako."

"Pole nilikwisha kumpa kwa simu, siku ile ya msiba," mzee akajibu. "Pole ni ya mtu aliyefikwa. Mimi siye jirani niliyekuja kuhani. Mimi ndiye niliyemfika."

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, na ni ugumu ambao mwanafunzi wa lugha hana budi kuutazama kwa makini. Kiswahili kimetenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyaweka katika chungu kimoja. Anayesema pole anashiriki katika maumivu ya mwenzake bila kujihusisha na chanzo chake. Anayesema samahani, niwie radhi au nisamehe anakiri kwamba chanzo ni yeye. Neno "sorry" hubeba yote mawili. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kuumwa, na hadi leo halikuachana na maumivu ili liwe neno la hatia pekee. Ndiyo sababu Mkenya anapomwona mwenzake amejikwaa barabarani humwambia "sorry", akiwa na maana ya pole, naye Mwingereza mgeni hushangaa na pengine humjibu kwamba kosa si lake. Pole ya Kiswahili imevaa nguo ya Kiingereza, na mgeni ameitazama nguo tu.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana mkanganyiko huo hauleti madhara makubwa, kwa sababu uso na sauti husaidia. Katika barua hakuna uso. Kijana wa Uingereza ambaye amefiwa na baba ameshapokea kadi na jumbe nyingi zenye neno lile lile kutoka kwa watu wasiomkosea lolote. Kuandika "sorry" karibu na neno "father" na neno "funeral" ni kuiweka barua ya babu katika fungu hilo. Angeisoma kama rambirambi iliyochelewa mwaka mmoja, na pengine ingemuudhi kuliko kimya.

Binti akaandika rasimu ya pili. Safari hii alitafuta neno zito, akachagua "regret". Katika kamusi lilimpendeza, kwa maana lilikuwa na majuto ndani yake, na majuto ndiyo aliyoyataja mzee tangu mwanzo. Akaandika kwamba ukoo wote "deeply regrets" yaliyotokea.

Mzee, ambaye hakusoma Kiingereza, alilitambua neno hilo mara tu lilipotamkwa. Katika utarishi wake alikuwa amezipeleka barua nyingi zilizoanza nalo, na alikuwa amejifunza kulijua kwa nyuso za waliozifungua. Lilikuwa neno la kumwambia mtu kwamba kazi aliyoiomba hakuipata, au kwamba madai yake hayatalipwa. "Neno hilo," alisema, "ni la mtu anayefunga dirisha."

Hukumu hiyo ni kali, lakini historia ya mji wake inaipa nguvu. Mjini Voi kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mengine yako Taveta. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli ya kivita kutoka Voi kuelekea magharibi kwa njia ya Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa, na mwezi wa Machi vita vikapiganwa katika vilima vya Latema na Reata. Katika vita vile vya dunia, familia ya afisa wa Kiingereza aliyeuawa ilipelekewa telegramu, na telegramu hizo zilikuwa na mtindo mmoja: mamlaka ya vita ilikuwa na "regret" kubwa kuwaarifu kwamba ndugu yao amefariki. Neno lenyewe lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa na maana ya kumlilia maiti. Kwa hiyo lilifaa kutangaza kifo, lakini halikumtaja aliyempeleka marehemu vitani.

Udhaifu wa neno hilo unapoombwa lifanye kazi ya msamaha umeonekana mara nyingine nchini Kenya. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alilitangazia Bunge lake kwamba serikali imekubaliana kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Alisema serikali yake ina "regret" ya dhati kwamba mateso yale yalitokea. Katika taarifa hiyo hiyo alieleza kwamba serikali bado inakana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza katika karamu ya taifa jijini Nairobi. Alikiri kwamba maovu yale hayakuwa na udhuru, akataja huzuni yake na "regret" yake, lakini hakuomba radhi. Siku iliyofuata Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, Tanzania, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa wenyeji wakati wa vita vya Maji Maji. Wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki walizisikia hotuba hizo mbili ndani ya siku mbili, na hawakuhitaji mhadhara wa semantiki ili kuitambua tofauti. Mwenye "regret" anahuzunika kwamba jambo limetokea. Hasemi ni nani aliyelitenda.

Basi lilibaki neno la tatu, "apologise", na binti alilishika kwa matumaini. Ni neno ambalo halichanganyiki na pole. Anayelitumia hatoi habari za moyo wake tu bali anatenda tendo kwa kulitamka, kama vile anayesema naapa au naahidi. Lina walakini wake pia. Asili yake ni Kiyunani, na huko halikuwa neno la kuomba radhi bali la kujitetea. Kitabu cha Plato chenye jina hilo humwonyesha Sokrate akijitetea mbele ya mahakama, si akiomba msamaha. Tabia hiyo ya kujitetea haijalitoka kabisa. Makampuni hulitumia kila siku kuhusu "usumbufu wowote" uliompata mteja, na katika neno hilo "wowote" umo uwezekano kwamba hakuna usumbufu uliotokea. Waandishi wengine huliongezea "ikiwa": ikiwa umeudhika, basi naomba radhi. Msamaha wa namna hiyo humrudishia aliyekosewa mzigo wa kuthibitisha kwamba aliumia.

Hata hivyo, neno hilo likifuatwa na kitendo kinachojulikana na mtendaji anayejulikana, huweza kubeba uzito mkubwa. Mfano ulio karibu na makaburi ya Voi ni wa mwaka 2021. Kampeni ya Afrika ya Mashariki katika Vita vya Kwanza ilitegemea wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na chakula kwa vichwa na mabega yao, na maelfu kwa maelfu kati yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umehifadhi jina la kikosi chao. Makaburi yao hayakuhifadhiwa vivyo hivyo. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na pengine wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, ilhali ahadi ya Tume tangu mwanzo ilikuwa kuwaenzi wafu wote kwa usawa.

Tarehe 22 Aprili 2021 waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, alisimama bungeni. Kwa niaba ya Tume na ya serikali, ile ya zamani na ile ya wakati huo, alitumia neno "apologise" kwa kushindwa kuitimiza ahadi hiyo, kisha akatumia "regret" kwa jambo jingine, yaani muda mrefu uliopita kabla ya kulirekebisha. Mwanafunzi wa lugha na autazame mgawanyo huo. Kwa kosa, kuomba radhi. Kwa ucheleweshaji, kusikitika. Yamkini wako watakaosema kwamba maneno hayo yalikuja baada ya miaka mia moja, na kwamba mpagazi asiye na kaburi hapati kaburi kwa neno. Ni kweli. Lakini familia ambayo mtu wake alikwenda asirudi, wala hakuna aliyeitumia telegramu, ilisikia kwa mara ya kwanza kwamba kilichotokea si bahati mbaya bali ni kosa, na kwamba kosa lina mwenyewe.

Binti aliposimulia habari hizo, mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Katika barua yako, aliyezika ni nani?"

Binti akaitazama rasimu yake ya tatu. Alikuwa ameandika kwamba tuliamua kumzika marehemu mapema, lakini hali ya fedha haikuruhusu kungoja. Kila neno lilikuwa la kweli. Hata hivyo wingi wa "tuliamua" ulimficha mzee nyuma ya kikao cha wazee, na ile "lakini" ilikuwa imeanza kuufuta msamaha kabla haujakauka wino. Mzee akaamuru viondolewe vyote viwili. Kuhusu ada za mochari alisema kwamba kijana ana akili, na akitaka kujua sababu atauliza. Asipouliza, asilazimishwe kuzisikia.

Likabaki neno lenyewe la kuomba. Binti, akiwa amechoka, akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mwanzo. Alimuuliza mzee angesema nini kwa Kiswahili, kama kijana angekuwa ameketi pale mbele yake.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. "Kwa Kiswahili sina neno," alisema mwishowe.

Jibu hilo linaweza kumshtua mpenzi wa Kiswahili, kwa kuwa lugha hii ina utajiri mkubwa wa samahani, kumradhi, niwie radhi, nisamehe na maneno ya toba. Lakini mzee hakusema kwamba lugha haina neno. Alisema yeye hana. Radhi, katika malezi ya watu wa pwani na bara, hutoka juu kwenda chini. Mzazi humpa mtoto radhi. Mtoto asiye na radhi za wazee wake hafanikiwi. Babu anayemwambia mjukuu "niwie radhi" ameipindua ngazi, na wazee wenzake wangeona kwamba amejivunjia heshima na kumbebesha mtoto mzigo usio wake. Samahani angeweza kuitamka kama angemkanyaga mguu. Kwa kosa la kaburi, ilikuwa nyepesi mno.

Hapo Kiingereza, ambacho tangu asubuhi kilikuwa kikwazo, kikageuka kuwa msaada. Kitenzi "forgive" kina ndani yake neno la kutoa: anayesamehe anatoa kitu, naye anayeomba hana uwezo wa kukichukua kwa nguvu. Na katika Kiingereza cha leo babu na mjukuu huitana "you" ile ile, pasipo shikamoo wala marahaba. Katika lugha hiyo mzee aliweza kushuka katika kigoda chake bila kukiangusha. Kile ambacho adabu za lugha yake zilimzuia kukisema kwa kinywa, lugha ya kigeni ilimruhusu kukisema kwa karatasi.

Barua iliyopelekwa ilikuwa fupi kuliko rasimu zote. Ilisema kwamba kijana aliomba asubiriwe siku kumi. Kwamba babu yake hakumsubiri. Kwamba aliyetoa neno la mwisho ni babu, si mtu mwingine. Kwamba ilikuwa makosa, na haiwezi kurudishwa. Kisha ikasema "Please forgive me", na hapakuwa na "sorry" popote. Mwisho ilieleza mahali kaburi lilipo, na kwamba jiwe la kaburi halijawekwa, kwa sababu maneno ya kuandikwa juu yake anangojewa mwenye haki ya kuyachagua. Mzee alitia sahihi kwa mkono wake, polepole, akaipeleka mwenyewe posta ya Voi kama alivyozipeleka za watu wengine.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Kijana hakuandika kwamba amesamehe. Aliuliza ni mwezi gani mvua hupungua milimani, na kama kuna gari la kutoka Voi hadi Wundanyi. Binti alipomtafsiria, mzee aliuliza kama katika barua ile kulikuwa na neno lile la kufunga dirisha. Akaambiwa halimo. Akasema basi yatosha kwa sasa, na akamtaka binti aandike mara moja kuhusu mvua.

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba tafsiri ni kutafuta kisawe. Kisa cha Voi kinaonyesha kwamba katika kuomba radhi kisawe si neno la kwanza la kutafutwa. Kwanza hutafutwa mtendaji, kisha tendo, kisha aliyetendwa. Na vitatu hivyo vikikaa wazi katika sentensi, neno linalostahili hujitokeza lenyewe. Vikifichwa, hata neno zito kuliko yote katika kamusi litasomwa kama pole ya jirani, au kama telegramu.